Kamba ya Mzigo na Kamba ya Uhai: Somo kwa Anayeanza Kukwea Kuta za Ukumbini



Kupanda juu si jambo geni kwa mkazi wa Mbozi Mission. Wapo wanaopanda miparachichi wakati wa mavuno, wapo mafundi wanaopanda mapaa kuezeka mabati, na wapo vijana wa Tunduma wanaopanda juu ya shehena za malori kukaza maturubai kabla magari hayajavuka mpaka kuingia Zambia. Hao wote hupanda kwa sababu kazi imewataka. Somo hili linahusu upandaji wa namna nyingine: kukwea ukuta uliojengwa mahususi ndani ya ukumbi, wenye vishikio vya rangi mbalimbali, kwa ajili ya mazoezi, mashindano na burudani.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tuzungumzie kuta hizo katika wilaya isiyo na ukumbi hata mmoja wa aina hiyo. Tunazo sababu tatu. Kwanza, mchezo huu uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ukarudi tena Paris mwaka 2024, na vijana wengi wameutazama kupitia simu zao. Pili, wanaosafiri kwa masomo, kazi au ziara hukutana na kumbi hizo mijini; katika ukanda wetu, Nairobi ina ukumbi wa Climb BlueSky. Tatu, asiyeweza kumudu safari ya Nairobi huanza kutamani kujitengenezea ukuta nyumbani, na hapo huingia sokoni kutafuta kamba. Sababu hii ya tatu ndiyo iliyotusukuma kuandika, kwa kuwa kosa dogo katika ununuzi huo haliishii kwenye hasara ya fedha.

Baada ya kulisoma somo hili, tunatarajia mlaji aweze kueleza tofauti kati ya kamba ya mzigo na kamba ya kukwelea. Aweze kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kulipia ukumbi. Aweze kuianza saa yake ya kwanza ukutani kwa utaratibu. Na ajue haki zake endapo huduma au bidhaa itakuwa na kasoro.

1. Mchezo wenyewe

Kuta za kukwelea hazikuanzia katika majumba ya fahari. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Leeds nchini Uingereza, mwalimu wa elimu ya viungo aitwaye Don Robinson alipachika mawe katika ukuta wa ujia wa jengo ili wakwezi wafanye mazoezi bila kwenda mlimani. Kutokana na ujia huo, wazo likaenea. Mwaka 1987 mji wa Seattle nchini Marekani ulipata ukumbi wa biashara wa kukwea, na leo kumbi za namna hiyo zimo katika miji mingi duniani.

Anayeanza ataona aina tatu kuu za ukweaji. Ya kwanza ni kukwea kuta fupi bila kamba. Kuta hizo kwa kawaida hufikia mita 4 hivi, na chini yake hutandikwa magodoro mazito ya sponji. Ya pili ni kukwea kwa kamba ya juu: kamba hutoka kwa mkwezi, hupita kwenye nanga iliyo kileleni mwa ukuta, kisha hushuka hadi kwa mwenzake aliyesimama chini, ambaye katika somo hili tutamwita mshika kamba. Ya tatu ni kukwea kwa kutangulia, ambako mkwezi hupanda na kamba yake akiipachika kwenye vishikizo njiani. Aina hii ya tatu haimfai anayeanza, na ukumbi makini hautamruhusu kuifanya siku ya kwanza.

Ipo pia kamba inayojivuta yenyewe kwa mashine iliyofungwa juu ya ukuta, hivyo mkwezi hahitaji mwenzake. Mashine hiyo ni msaada mkubwa, lakini ina hatari yake: mtu aliyekwisha kuizoea anaweza kuanza kukwea akiwa amesahau kujifunga. Ajali za namna hiyo zimekwisha kutokea duniani, na zimewapata hata wazoefu. Mashine haiwezi kumshika mtu ambaye hakujifunga kwayo.

2. Kwa nini kamba yenye nguvu haitoshi

Tuchukulie mfano wa kikundi cha vijana wa Mbozi Mission waliokubaliana kuchangishana fedha ili wanunue kamba. Wanakwenda Tunduma, wanakuta marobota ya kamba nene za nailoni na za plastiki, na muuzaji anawaambia kwa ukweli mtupu kwamba kamba hiyo imefunga mizigo ya tani nyingi kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi bila kukatika. Vijana wanafanya hesabu: ikiwa inashika tani, itashindwaje kumshika mtu wa kilo 70?

Hesabu hiyo ina kosa, na kosa lenyewe ndilo kiini cha somo letu. Mzigo uliofungwa juu ya lori haudondoki. Umelala na kubanwa. Mtu anayeanguka ukutani huwa katika mwendo, na kamba ina kazi ya kuusimamisha mwendo huo. Mfikirie dereva anayeshuka mteremko kwa gari. Akikanyaga breki taratibu, gari husimama baada ya mita kadhaa na abiria hawadhuriki. Akigonga ukuta, gari husimama papo hapo na abiria huumia. Mara zote mbili gari limesimama. Tofauti imo katika umbali lililopewa ili lisimame.

Kamba ya mzigo imetengenezwa isinyumbuke, kwa kuwa mwenye shehena hataki turubai lake lilegee njiani. Hivyo humsimamisha mtu aangukaye kama ukuta unavyolisimamisha gari. Huenda isikatike, lakini mshtuko wote utaingia katika kiuno, uti wa mgongo na nanga iliyo juu. Kamba ya kukwelea hutengenezwa kwa lengo lililo kinyume: moyo wake wa nyuzi za nailoni hurefuka na kuumeza mshtuko, na ganda lililosukwa kuuzunguka moyo huo huulinda usisuguliwe.

Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 892 kinaeleza jambo hili kwa tarakimu. Kamba moja ya kukwelea hupimwa kwa uzito wa kilo 80 unaoangushwa kwa namna kali kuliko ilivyo kawaida ukumbini. Ni lazima ihimili maanguko yasiyopungua 5. Katika anguko la kwanza, nguvu inayomfikia mkwezi isizidi kilonyutoni 12, na kamba isirefuke zaidi ya asilimia 40 ya urefu wake. Kilonyutoni 12 ni sawa na uzito wa takriban kilo 1,200. Kwa kipimo hicho, kamba inayogoma kurefuka haifai hata ikiwa na nguvu ya kuvuta lori.

Ni kweli kwamba katika kukwea kwa kamba ya juu mshtuko huwa mdogo iwapo kamba haikulegea, na kumbi nyingine hutumia huko kamba zenye mnyumbuko mdogo. Hata hizo ni kamba zilizopimwa kwa kiwango chake, EN 1891. Isitoshe, wanaojifunza ndio wanaosahau kuikaza kamba, hivyo wao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuanguka kwenye kamba iliyolegea.

3. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Huduma ya kukwea hulipiwa kabla ya kutumika, kwa hiyo wakati mwafaka wa kuuliza ni kabla fedha haijatoka mfukoni. Kuuliza si ujinga, na mwenye ukumbi anayeijua kazi yake hufurahi kuulizwa. Tunashauri mlaji aulize yafuatayo:

(a) Kiingilio kinajumuisha nini? Katika kumbi nyingi, kuingia ni malipo ya kwanza; kukodi viatu, kukodi mkanda wa kukwelea na kupata mwalimu huweza kuwa malipo mengine. Aliyepanga bajeti kwa kiingilio pekee hujikuta amefika, amelipa, lakini hawezi kukwea.

(b) Je, kuna mafunzo ya lazima kwa anayeanza, na nani atayatoa? Ukumbi unaokukabidhi kamba bila kukufundisha wala kukupima haujakufanyia hisani.

(c) Vifaa hukaguliwa mara ngapi, na je, kumbukumbu za ukaguzi zipo? Huhitaji kuwa fundi ili kuuliza hivi. Jibu linalokuja haraka pamoja na daftari ni tofauti na jibu linalokuja pamoja na kicheko.

(d) Kama kuna watoto, umri wa chini ni upi, na ni nani anayeruhusiwa kuwashikia kamba?

(e) Likitokea jeraha, nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza, na hospitali iliyo karibu ni ipi?

(f) Fomu ninayotakiwa kutia sahihi inasema nini? Omba muda wa kuisoma. Ikiwa imeandikwa kwa lugha usiyoielewa vizuri, omba ufafanuliwe, au mwombe mwenzako anayeielewa akusomee kabla ya kutia sahihi.

Baada ya maswali, tumia macho yako. Tazama magodoro: je, yameungana, au yana nafasi katikati ambamo kifundo cha mguu kinaweza kutumbukia? Tazama vishikio: je, kuna kinachozunguka kikiguswa? Tazama kamba: je, ganda lake limefumuka hata nyuzi nyeupe za ndani zikaonekana? Ukiona jambo linalokutia shaka, una haki ya kuahirisha bila kumwomba mtu yeyote radhi.

4. Saa ya kwanza ukutani

Fika ukiwa umevaa nguo zisizobana wala kuning'inia. Vua pete, saa, mikufu na hereni. Pete iliyonasa kwenye kishikio inaweza kukiumiza kidole vibaya. Kata kucha na ufunge nywele ndefu. Mwenye maradhi ya moyo, mwenye bega linalochomoka, mama mjamzito na aliyetoka kufanyiwa upasuaji wapate kwanza ushauri wa daktari. Viatu vya kukwelea huvaliwa vikiwa vimebana kidogo ili vidole vya mguu vipate nguvu. Hata hivyo, kubana si kuumiza, na anayeanza asikubali kuvumilia maumivu kwa kuambiwa kuwa ndio utaratibu.

Pasha mwili joto kwa dakika 10 hivi: tembea kwa kasi, zungusha mabega, kunja na kunjua vidole. Kisha anza na kuta fupi, kwenye njia rahisi. Kumbi nyingi huzipanga njia kwa rangi, kwa hiyo mkwezi hufuata vishikio vya rangi moja kutoka chini hadi juu. Muulize mhudumu rangi ipi ni ya wanaoanza, kwa kuwa mpangilio wa ukumbi mmoja si lazima ulingane na wa ukumbi mwingine.

Kosa la kwanza la karibu kila anayeanza ni kujivuta kwa mikono. Mikono huchoka haraka, lakini miguu imezoea kuubeba mwili kila siku. Kanyaga kwa ncha ya kiatu, nyoosha mikono ili uzito uning'inie kwenye mifupa badala ya misuli, kisha jisukume kwa miguu. Kabla ya kuinua mkono, tazama kwanza utakapoweka mguu. Anayefanya hivyo hukwea polepole lakini hufika. Anayekimbilia juu kwa nguvu za mikono hukwama katikati. Wale wakwezi wa Olimpiki wanaomaliza ukuta wa mita 15 kwa sekunde 5 au pungufu wamefanya mazoezi kwa miaka mingi, nao si kielelezo cha siku ya kwanza.

Kwenye kuta zisizo na kamba, jifunze kuanguka kabla ya kujifunza kufika kileleni. Angukia miguu yote miwili, kunja magoti, kisha jiachie ulale kwa mgongo huku mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Usinyooshe mkono nyuma ili kujizuia, kwani kiwiko na kifundo cha mkono huvunjika kwa njia hiyo. Kila unapoweza, shuka kwa vishikio badala ya kuruka. Usisimame wala kuketi chini ya mtu anayekwea, na umshike mtoto mkono katika eneo la magodoro, kwa sababu watoto huliona eneo hilo kuwa uwanja wa kuchezea.

5. Ukaguzi wa watu wawili

Katika kukwea kwa kamba, hakuna anayepanda kabla ya wawili hao kukaguana. Utaratibu huu hauna uhusiano wowote na kutoaminiana. Hata rubani mwenye maelfu ya saa angani hukagua orodha yake pamoja na msaidizi wake. Mkwezi na mshika kamba wasimame wakitazamana, kisha kila mmoja amkague mwenzake kwa macho na kwa kugusa:

Kwanza, mkanda. Je, umekaa juu ya mifupa ya nyonga, na vifungo vyake vimekazwa? Mkanda uliokaa vizuri hauwezi kuvutwa ukashuka chini ya nyonga.

Pili, fundo. Mkwezi hufungwa kwa fundo la nane lililorudiwa, yaani kamba hufuata njia yake yenyewe mara ya pili. Nyuzi zilale sambamba, na ncha iliyobaki isiwe fupi.

Tatu, kifaa cha breki cha mshika kamba. Je, kamba imepita upande sahihi? Vuta upande wa mkwezi kwa nguvu na uone kama kifaa kinabana.

Nne, karabina, yaani pete ya chuma yenye mlango inayounganisha kifaa na mkanda. Je, mlango umefungwa na kufuli lake limekazwa?

Baada ya hapo, kubalianeni maneno. Yawe machache na yasiyofanana kwa sauti, kwa maana ukumbi huwa na kelele. "Tayari?" "Panda." "Kaza." "Nishushe." Yatosha. Mshika kamba akumbuke sheria moja inayozipita zote: mkono unaoshika upande wa breki hauachii kamba, hata kwa kupokea simu, hata kwa kusalimiana na mgeni. Ikiwa mkwezi ni mzito kuliko mshika kamba kwa tofauti kubwa, mwambieni mhudumu, kwa kuwa mshika kamba mwepesi anaweza kunyanyuliwa kutoka sakafuni.

6. Unaponunua vifaa

Kwa miezi ya mwanzo tunashauri kukodi, si kununua. Atakayeamua kununua azingatie alama. Kamba ya kukwelea huwa na utepe au lebo kwenye ncha zake, na kamba inayotumika peke yake huwa na tarakimu 1 ndani ya duara. Mkanda huwa na lebo inayotaja kiwango EN 12277. Karabina huchongwa nguvu yake kwenye chuma chenyewe; kwa urefu, mlango ukiwa umefungwa, isipungue kilonyutoni 20. Kifaa kinaweza pia kuwa na alama ya UIAA, shirikisho la kimataifa la vyama vya wapanda milima lililoanzishwa mwaka 1932. Vijipete vya rangi vinavyouzwa kama vishika funguo hufanana sana na karabina, na vingine huandikwa vyenyewe kwamba havifai kukwelea. Maandishi hayo yasomwe.

Kuhusu mitumba, tunasema bila kuzunguka: nguo ya mtumba inaweza kuwa nzuri, lakini kamba na mkanda wa mtumba visibebe uhai wa mtu. Jua huzidhoofisha nyuzi za nailoni. Asidi ya betri huweza kuzila bila kuacha dalili ya wazi, nasi tunajua ni vitu vingapi husafiri kando ya betri katika malori yapitayo njia yetu. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 tangu tarehe ya kutengenezwa hata kama kifaa hakikutumika, na ukomo huo hupungua kwa kadiri ya matumizi. Asiyeijua historia ya kamba hawezi kuujua umri wake uliobaki.

Turudi sasa kwa wale vijana waliokwenda Tunduma. Muuzaji wa kamba za mizigo hakuwadanganya. Aliuza kamba ya mizigo kwa sifa za kamba ya mizigo. Matumizi yaliyobadilika ni ya mnunuzi, na muuzaji hakuyajua. Ndiyo maana tunasisitiza: sema matumizi yako kabla ya kulipa. Mwambie muuzaji wazi kwamba kamba hii itamshika mtu anayekwea, naye aseme kama inafaa. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara madhumuni yake na kuutegemea ujuzi wake anaweza kuwa na madai endapo bidhaa haifai kwa madhumuni hayo. Aliyenyamaza hujinyima sehemu kubwa ya ulinzi huo. Dai risiti, na uombe jina kamili la bidhaa liandikwe. Muuzaji mwaminifu akisema, "Hii si ya kazi hiyo," amekuokolea zaidi ya fedha; mshukuru uende zako.

7. Kwa wanaotamani ukuta wa nyumbani

Hatutaki kuizima shauku ya vijana. Tunapendekeza waanze na ukuta wa kwenda kando. Katika ukuta huo mkwezi hapandi juu, bali husafiri kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na miguu yake haiinuki zaidi ya mita 1 kutoka ardhini. Hauhitaji kamba, mkanda wala nanga, lakini hufundisha karibu kila kitu anachohitaji anayeanza: kukanyaga, kusawazisha mwili, kupumzisha mikono na kusoma njia kwa macho.

Hata hivyo, yapo masharti. Mwenye jengo atoe idhini. Fundi anayeaminika aukague ukuta, kwa kuwa ukuta wa matofali ya udongo au wenye nyufa haufai kutobolewa na kuning'iniwa. Vishikio vya mbao vipigwe msasa visiwe na vibanzi, navyo vikazwe kwa bolti, si kwa misumari. Ardhi iondolewe mawe na kulainishwa. Mtu mzima awepo, na vishikio vijaribiwe kwa mkono kabla ya kila zoezi. Kwenda juu zaidi, kwa kamba na nanga, ni kazi ya wataalamu. Ulaya ina kiwango mahususi kwa kuta za namna hiyo, EN 12572, na uzito wa mtu anayeanguka haupimwi kwa makadirio.

Pia tunawaomba vijana wasikitumie Kimondo cha Mbozi, kule Ndolezi, kama jiwe la mazoezi. Chuma hicho kilichotoka angani, kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, ni urithi wa taifa na hakikuwekwa kwa ajili ya kukwelewa.

8. Haki zako huduma inapokuwa na kasoro

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Ukumbi unaotangaza walimu waliofuzu ilhali hauna, au duka linalouza mkanda usiopimwa kwa kuuita uliopimwa, huingia katika katazo hilo. Kuweka alama ya uongo kwenye bidhaa hugusa pia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kwa aliyepata huduma Nairobi, sheria zitakazomhusu ni za Kenya. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia kwa hasara au jeraha litokanalo na kasoro.

Vipi kuhusu fomu uliyotia sahihi? Fomu hiyo huthibitisha kwamba umeelezwa hatari za mchezo na umezikubali zile za kawaida. Isichukuliwe kuwa ruhusa ya mwenye ukumbi kuzembea, wala mlaji asiamini kwamba kwa sababu yake hana la kusema. Kuteleza ukaanguka kwenye godoro zima ni hatari ya mchezo. Kuanguka kwa sababu kishikio kiling'oka au kamba iliyochakaa haikuondolewa ni suala linalostahili kuulizwa.

Likitokea tatizo, tunza risiti na nakala ya fomu, piga picha ya kifaa kabla hakijaondolewa, andika saa na majina ya walioshuhudia, na uombe cheti cha matibabu. Mweleze kwanza mtoa huduma kwa maandishi. Asiporidhisha, na huduma ikiwa ilitolewa hapa Tanzania, peleka lalamiko lako Tume ya Ushindani. Likiwa linahusu ubora wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania nalo litahusika.

9. Maswali ya kujipima

1. Kamba ya lori imehimili tani 5 bila kukatika. Eleza kwa nini bado haifai kumlinda mtu anayekwea.

2. Taja mambo manne ambayo mkwezi na mshika kamba hukaguana kabla ya kupanda.

3. Rafiki yako amepewa zawadi ya mkanda wa kukwelea uliotumika, usio na lebo. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?

4. Muuzaji ameulizwa kama kamba inafaa kukwelea, naye akajibu, "Kamba ni kamba." Mlaji afanye nini?

Tunawashauri viongozi wa vikundi vya vijana na walimu wa michezo walisome somo hili kwa sauti pamoja na vijana wao, kisha wajibu maswali haya pamoja, kabla mchango wa fedha za kamba haujaanza kukusanywa.